Chuo kinataka kung'oa vimbweta kijenge jengo la utawala: mazingira ya kampasi yana uzito gani kweli kwenye maisha ya chuo?

Binti_Bweni aliandika:

Wakuu habari za humu, naomba mawazo yenu na kama kuna mwenye ushahidi wa maana aumwage hapa maana mambo yanaenda haraka. Niko mwaka wa pili, serikali ya wanafunzi upande wa makazi. Menejimenti imeleta plani mpya ya kampasi na humo ndani kuna vitu viwili vinaninyima usingizi. Cha kwanza, ule uwanja kati ya maktaba na mabweni, wenye vimbweta (meza na benchi za zege) chini ya miti, unaondoka na pale linapanda jengo la utawala la ghorofa. Cha pili, mwaka wa kwanza wote wanahamishiwa hosteli mpya nje ya kampasi, mbali, watakuwa wanaletwa na basi asubuhi na kurudishwa jioni.

Nilisimama kikaoni nikasema pale ndo penye maisha ya chuo, mjumbe mmoja akanijibu kwamba lile ni eneo wazi lisilotumika, na kweli ukiangalia ramani limepakwa kijivu limeandikwa eneo wazi basi. Akasema kama nina ushahidi niulete kikao kijacho.

Sasa niwaambie kinachotokea kwenye hilo eneo lisilotumika. Kuanzia jioni kila kimbweta kina watu wake, na vile viwili vilivyo karibu na soketi za ukuta wa maktaba watu wanawahiana tangu mchana. Madogo wa mwaka wa kwanza wanakuja wanakaa pembeni kabisa, wanasikiliza tu waliowatangulia wanavyobishana kwenye maswali, baada ya wiki chache unamkuta dogo yule yule kashika kalamu anawaelekeza wenzake. Mwaka jana hapo hapo watu wa kozi mbili tofauti walikuwa wanapiga stori zao wakagundua wote hawajaingiziwa alama za kazi za semista kwenye somo wanalosoma pamoja, na kila mmoja alikuwa anajua ni yeye peke yake kakosa. Wakaandika barua moja, idara ikakubali kwamba kuna shida, na sasa alama zinabandikwa kabla ya mtihani wa mwisho ili mtu akague. Huo utaratibu haukuwepo kabisa, umeanzia kwenye kimbweta. Nikisema hivyo kikaoni naonekana naleta stori za vijiweni. Je kuna kitu cha kushika mkononi, au kweli mazingira ni pambo tu na chuo ni vitabu?

Mchoraramani alijibu:

Mdogo wangu kwanza hongera kwa kusimama, wengi wanakaa kimya wanasubiri posho ya kikao. Kazi yangu ni mipango miji na nimekaa sana upande wa wanaochora hizo ramani, kwa hiyo nakwambia hiyo rangi ya kijivu ndo kiini cha shida yako. Ukumbi wa mihadhara una namba, una idadi ya viti, una ratiba. Kimbweta hakina chochote kati ya hivyo, na kitu ambacho hakimo kwenye jedwali hakuna wa kukitetea siku ya kugawa ardhi.

Ushahidi upo na ni wa zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuo cha MIT huko Marekani kilikuwa na nyumba za wanafunzi waliotoka jeshini na familia zao, mtaa wa Westgate na Westgate West. Watafiti Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back wakaenda kuwauliza wakazi marafiki zao ni nani, matokeo wakayatoa 1950. Kule Westgate West majengo yalikuwa ya floo mbili, kila floo milango mitano. Waliopakana mlango kwa mlango 41% walitajana kuwa marafiki wa karibu, ukiruka mlango mmoja inashuka hadi 22%, na wale wa mwisho huku na mwisho kule wa floo moja ni 10% tu. Hapo hatuongelei kilomita, ni hatua chache za korido! Tena waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua walikuwa na marafiki wengi zaidi wa floo nyingine, na sio kwamba walikuwa wachangamfu kuwazidi wengine, ni kwa sababu watu wote walikuwa wanapita mlangoni kwao. Na familia hazikuchagua jirani, nyumba ikiachwa wazi anapangiwa anayefuata kwenye foleni, kwa hiyo huwezi kusema walioelewana ndo walihamia pamoja.

Ila usiipeleke nusu nusu, kuna msomi atakubana. Wale watu walifanana sana, wote ni wanafunzi, wote wametoka vitani, wote wana ndoa changa, kwa hiyo ukaribu ulikuta kuni kavu. Kuwaweka watu jirani hakuwafanyi marafiki moja kwa moja, kunawapa nafasi ya kukutana bila kupanga, na hiyo nafasi ndo hosteli ya mbali inaiondoa.

Mfano mwingine naupenda sana, hapo hapo MIT kulikuwa na Jengo namba 20. Lilijengwa 1943 kwa mbao, la muda tu, kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa vita, likabaki mpaka 1998 ndo likavunjwa. Kila aliyekosa nafasi kwingine alipelekwa humo, wanaisimu wakina Noam Chomsky wako korido moja na watu wa umeme na akustika, halafu kuna klabu ya wanafunzi ya reli za mfano ambayo vijana wake ni kati ya watu wa mwanzo kabisa kukesha na kompyuta kwa mapenzi yao tu. Ukitaka kupitisha waya unatoboa ukuta, humuombi mtu kibali kwa sababu hakuna anayelionea jengo uchungu. Majengo mazuri ya bei mbaya mara nyingi hayana huo uhuru, na ndo maana ukiniambia jengo la utawala la ghorofa linapanda katikati ya maktaba na mabweni nashtuka, maana hilo ni jengo ambalo mwanafunzi atalizunguka, halikalii.

NaondokaSaaKumi alijibu:

Mimi naomba nipingane kidogo na nitasema kwa uchungu kwa sababu naishi haya mambo. Nasoma huku nafanya kazi na nina watoto wawili. Hivyo vimbweta mnavyovisifia ni vya watu wa bweni. Mimi saa kumi natoka getini nikamchukue mtoto, mambo yote ya maana yanaamuliwa usiku, nani anaingia grupu gani la asaimenti, nani ana pepa za miaka iliyopita, lekchara gani amesema nini kuhusu mtihani. Asubuhi nakuta grupu zimejaa naunganishwa na wenzangu tuliobaki, wote tunaoondoka mapema, halafu tunashangaa alama zetu zikoje.

Kwangu mazingira ya chuo ni ratiba. Kipindi kimoja saa mbili asubuhi, kingine saa tisa alasiri, na katikati hapo hakuna hata pa kuweka begi, maktaba ukitoka kwenda kula ukirudi kiti hakipo. Dirisha la malipo linafunga saa nane mchana wakati wengi wetu tuko kazini. Hayo hayaonekani kwenye ramani ya mtu yeyote, si ya mjumbe wala ya kwako Binti_Bweni. Na kwenye ile barua ya alama najiuliza majina mangapi ya watu wa kutwa yalikuwemo, maana nadhani na sisi tulikosa alama ila hatukuwa na pa kugundulia.

Lakini kwenye ishu ya mwaka wa kwanza niko na wewe asilimia zote. Mtakuwa mnatengeneza watu wa kutwa kwa makusudi, watoto wa miaka 18, 19, ambao hawana kazi wala familia inayowavuta. Muulize huyo mjumbe swali moja tu, basi la mwisho linaondoka saa ngapi? Hiyo saa ndo itakuwa mwisho wa chuo kwao. Klabu, midahalo, mazoezi ya kwaya, vikao vya serikali yenu ya wanafunzi, kila kinachoanza baada ya hiyo saa kimeshawapita.

Katibu_Mstaafu alijibu:

Dada SaaKumi umenena, na Binti asikukasirikie maana umempa hoja nzito kuliko zote. Mimi nilikuwa katibu wa wanafunzi enzi hizo na kitu nilichojifunza ni kwamba uongozi wa chuo unaogopa sehemu ambazo watu wanakutana bila kuitwa, hata kama hausemi.

Someni habari za Nanterre. Kampasi ilifunguliwa 1964 pembezoni mwa Paris kwa sababu Sorbonne, chuo cha katikati ya jiji, ilishajaa. Zege juu ya ardhi iliyokuwa ya jeshi, jirani yake vibanda vya wahamiaji wengi wao kutoka Algeria, hakuna mji wa kutembelea jioni. Mabweni yana sheria, mwanaume haruhusiwi bweni la wanawake. Machi 1967 wanafunzi wa kiume wakaingia bweni la wanawake wakalikalia kupinga hiyo sheria, na watu wazima wakaona ni utoto. Mwaka uliofuata tarehe 22 Machi 1968 wanafunzi, Daniel Cohn-Bendit akiwa mmoja wao, wakapanda mpaka juu ya jengo la utawala wakakalia chumba cha baraza. Tarehe 2 Mei chuo kikafungwa, kesho yake moto ukahamia Sorbonne katikati ya jiji na kilichofuata ni maandamano na migomo iliyoitikisa Ufaransa nzima. Novemba mwaka huo huo ikapita sheria ya waziri Edgar Faure iliyowapa wanafunzi viti kwenye mabaraza ya vyuo, na Chuo Kikuu cha Paris chenyewe kikagawanywa vikawa vyuo 13. Sisemi zege ndo lilileta yote hayo, kulikuwa na vita ya Vietnam, kulikuwa na msongamano wa kutisha madarasani, na kuna kampasi kibao zimejengwa vichakani na hazikutikisika. Ila waliofikiri ukiwapeleka vijana mbali na mji utakuwa umewatuliza walipata jibu lao.

Halafu Berkeley, California, hii inahusu uwanja moja kwa moja. Nje ya geti la kusini kulikuwa na kipande cha lami ambapo wanafunzi waliweka meza zao za siasa, kuandikisha watu, kuchangisha fedha za harakati za haki za weusi, wote wakijua ni ardhi ya manispaa. Septemba 1964 uongozi ukatangaza kile kipande ni mali ya chuo na meza marufuku. Yaani mgogoro mzima ulianza na mpaka wa kiwanja! Tarehe 1 Oktoba Jack Weinberg akakamatwa akiwa mezani, akaingizwa kwenye gari la polisi pale uwanja wa Sproul, wanafunzi wakakaa chini kulizunguka na gari halikuondoka kwa saa 32, watu wakawa wanavua viatu wanapanda juu yake kuhutubia. Januari 1965 akaja kaimu mkuu wa chuo mpya, Martin Meyerson, na huyu fani yake ilikuwa mipango miji kama ndugu yetu Mchoraramani. Kati ya vitu vya mwanzo alivyofanya ni kuruhusu ngazi za Sproul Hall, jengo la utawala, ziwe sehemu ya mijadala kwa saa maalumu na meza zirudi. Alielewa kwamba ugomvi ulikuwa wa mahali, akaumaliza kwa kugawa mahali.

Na sio lazima liwe jengo. Chuo Kikuu cha Cape Town sanamu ya mkoloni Cecil Rhodes ilikaa kampasini miaka na miaka, vizazi vya wanafunzi weusi wakipita chini yake kwenda darasani. Maandamano yalianza 9 Machi 2015, na 9 Aprili sanamu ikanyanyuliwa na krini. Baada ya hapo mjadala ukahamia kwenye mitaala, kwenye nani ni profesa na nani hana ada. Kitu ambacho mtu anakipita kila siku akienda darasani kinamfundisha pia, atake asitake.

KitiMwendo alijibu:

Nimesoma uzi wote naona watu wa bweni, watu wa kutwa, ila sijaona ngazi zikitajwa isipokuwa kama sehemu ya kuhutubia. Mimi natembelea kiti mwendo. Chuo nilichosoma kiliniwekea rampu kwenye jengo la usajili, rampu nzuri tu, ila juu yake mlango unafunguka kuja nje, kwa hiyo ukifika unauvuta huku kiti kinarudi nyuma kuteremka. Kila semista nilikuwa nasubiri mtu apite. Aliyesaini kwamba rampu imekamilika hakuwahi kuipanda akiwa amekaa.

Kwa hiyo Binti_Bweni nakupa historia ambayo watu wengi hawaijui. Ed Roberts alipooza kuanzia shingoni kwa polio, akaanza kusoma hapo hapo Berkeley 1962. Usiku alilala ndani ya mashine ya chuma ya kumpumulia, nzito ajabu, hakukuwa na bweni la kuibeba. Chuo kikamweka kwenye hospitali ya wanafunzi, Cowell. Baadae wakaja wengine wenye ulemavu mkubwa nao wakapelekwa huko huko, wakawa kundi la watu wanaoishi floo moja. Nia haikuwa kuwaunganisha, ilikuwa hakuna pengine pa kuwaweka. Lakini jioni walikuwa wanaongea, kama hao wenu wa vimbweta, wakagundua shida sio miili yao, shida ni kona za barabara zisizo na miteremko, na maafisa wanaoamua maisha yao bila kuwauliza. Wakajiita Rolling Quads, yaani waliopooza wa magurudumu. 1970 chuo kikawa na programu ya wanafunzi wenye ulemavu inayoendeshwa na wao wenyewe, 1972 kikaanzishwa kituo cha kuishi kwa kujitegemea nje ya chuo, na mtindo huo ukaenda nchi nyingi. Roberts mwenyewe 1975 akateuliwa kuongoza idara ya jimbo ya urekebishaji, ya kuwasaidia wenye ulemavu kupata kazi, idara ile ile ambayo kabla iliwahi kumwona hawezi kuja kufanya kazi.

Halafu kuna Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington. Machi 1988 bodi iliteua rais anayesikia, wanafunzi wakafunga mageti, na ndani ya wiki moja wakampata I. King Jordan, rais wa kwanza kiziwi tangu chuo kianze 1864. Baadae hata majengo yao yakaanza kuchorwa upya kwa macho ya viziwi, korido pana ili watu wawili waongee kwa ishara huku wanatembea bega kwa bega, mwanga usiomchoma mtu machoni, kona ambazo unaona anayekuja. Chuo kilibadilika uongozi, kisha kuta zikafuata.

Ombi langu kwako, kabla hujatetea vimbweta, nenda kaangalie kama kuna njia ya kuvifikia kwa magurudumu. Vimbweta vingi nilivyoviona benchi limeungwa na meza kwa zege, huna pa kuingiza kiti. Ukivitetea vitetee na hilo.

Binti_Bweni aliandika:

Jamani asanteni, sikutegemea nitapata haya yote. KitiMwendo nimetoka kuangalia sasa hivi, ni kweli, vyote vimeungwa na hakuna njia ya zege, ni mchanga na mizizi mpaka kwenye lami. Dada SaaKumi ile barua sina hakika kama kulikuwa na hata jina moja la mtu wa kutwa, nitaitafuta. Naona hoja yangu ikibaki kuwa msituguse nitashindwa, inabidi niseme tunataka pale pawe nini. Swali langu la mwisho kwa Mchoraramani, nifanye nini ndani ya huu muda mfupi ili lile kijivu lipate namba?

Mchoraramani aliandika:

Hesabu watu. Tafuta wenzako wachache, mgawane zamu, kila saa kamili mmoja anazunguka uwanja mzima na karatasi ya ramani anaweka alama ya kila mtu alipokaa na anafanya nini, anasoma, anakula, anasubiri mtu, yuko na grupu. Anzeni asubuhi mpaka taa zinapozimwa, siku ya kawaida na siku ya wikiendi. William Whyte alifanya hivyo hivyo kwenye viwanja vya New York miaka ya 1970, alikaa na kamera akahesabu watu wanakaa wapi, na kazi yake ilibadili masharti ya jiji kuhusu viwanja vinavyojengwa mbele ya maghorofa. Mkifanya hivyo hivyo na kumbi za mihadhara saa zile zile mtashangaa, ukumbi wa viti mia tatu unakaa mtupu saa nyingi sana lakini kwenye ramani umepakwa rangi ya kinachotumika. Weka namba mbili hizo ukurasa mmoja, usiongeze maneno mengi.

Kwenye jengo lao usiseme lisijengwe, watakuona mkorofi. Uliza kwa nini lisikae kwenye maegesho ya magari, na kama lazima likae pale basi floo ya chini iwe wazi ya watu kukaa, madirisha yote ya huduma yawe chini bila ngazi, likiwemo la malipo, na lifungwe jioni.

NaondokaSaaKumi aliandika:

Hapo kwenye dirisha la malipo umenigusa mkuu. Binti mnapohesabu msianze saa mbili, anzeni saa kumi na mbili asubuhi, watu wa kutwa tunaofika mapema kukwepa foleni za barabarani tunakaa hapo hapo kwenye vimbweta kabla milango ya madarasa haijafunguliwa, hamjawahi kutuona kwa sababu mmelala. Mimi nitachukua hiyo zamu ya kwanza, nitumie karatasi PM.

Katibu_Mstaafu aliandika:

Na ukishawasilisha, omba iandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba takwimu zimepokelewa, usitoke hapo hujaiona imeandikwa. Kuhusu hosteli ya mwaka wa kwanza omba waandike saa ya basi la mwisho kwa tarakimu. Wakikataa kuandika, na hilo kukataa liandikwe.